Koo la Shemeji Mbonile

Mbozi, 9 Novemba 1952

Leo shemeji Mbonile amemng'oa mtu sikio kwa meno, na mimi nilicheka.

Nianze vizuri. Mbonile ni mume wa dada yangu Nesta. Alirudi Julai kutoka migodini ng'ambo ya Tunduma, na santuri kichwani na viatu vya ngozi miguuni, na tangu hapo hakuna nyumba hapa isiyomwalika. Mchana huu kilabuni alikuwapo mfanyabiashara mmoja wa Mlowo aliyemwita panya wa mashimo. Wakakamatana. Yule mtu aliletwa hapa zahanati ninapouguza, akishika kichwa kwa shati lililolowa damu, na mwenziwe nyuma amebeba kipande cha sikio kwenye jani la mgomba. Shemeji naye akaja, meno mekundu, akasema, "Shemeji Loisi, mshonee mwenzako. Mimi nimemrudishia mali yake, sikumeza." Ndipo nikacheka. Hata wagonjwa walicheka.

Bwana Andongwisye hakucheka. Yeye ndiye mganga wetu, Mndali wa Ileje, mrefu, asiyependa maneno. Alikitazama kile kipande, akakitupa kwenye ndoo.

"Hakishiki hiki," alisema.

"Si tushone ngozi kwa ngozi?"

"Kunja sikio lako. Liachie. Limerudi?"

"Limerudi."

"Kinacholirudisha si nyama wala si mfupa. Ni gegedu. Halina mshipa wa damu hata mmoja, Loisi. Linakula kupitia ngozi iliyolifunika. Ukilitenga na ngozi yake, linakufa njaa."

Akavuta ngozi iliyobaki, akafunika nayo ule ukingo mweupe uliochungulia, akashona. Mfanyabiashara alilia kama mtoto. Nje tulimsikia shemeji akiwasimulia watu tena tangu mwanzo.

14 Novemba

Mvua ya kwanza. Kila mtu yuko shambani. Hakuna mgonjwa.

16 Novemba

Mvua.

23 Novemba, Jumapili

Dada Nesta hakuja kanisani. Baba anasema ana homa. Baba ni mzee wa kanisa, akisema homa ni homa. Shemeji alikuja peke yake na binti yao Tabita, akakaa mbele kabisa.

27 Novemba

Nilikwenda kwa dada mchana, na uji wa ulezi kwenye kibuyu, kumwangalia hiyo homa.

Alikuwa ameketi nyuma ya nyumba, uso kwenye ukuta. Nilipomgeuza sikumjua. Macho yalikuwa mistari miwili tu. Pua imevimba pande zote, na ndani ya kila tundu kulikuwa na kitu chekundu cheusi kilichojaa, kama zambarau zimesukumwa humo. Alikuwa anapumua kwa mdomo, midomo imepasuka.

"Nani?"

"Nilianguka."

"Dada. Nani?"

"Chakula kilichelewa," alisema.

"Lini?"

"Siku ya soko. Baba alikuja, akaniona. Akasema nisitoke mpaka uso utulie, watu wasije wakasema."

Nilimshika mkono tukatembea mpaka zahanati, mvua inatupiga. Bwana Andongwisye alimlaza, akachana kwa ncha ya kisu ndani ya pua. Ilitoka damu nzee yenye usaha, ikanuka chumba kizima. Dada aliniuma kiganja nilichomwekea mdomoni. Alama bado ninayo ninapoandika.

Bwana Andongwisye akanionyesha. Ukuta wa katikati ya pua nao ni gegedu, la aina nyingine, jeupe kama kioo cha taa, limefunikwa utando huku na huku. Ngumi ilipopiga, damu ikaingia kati ya utando na gegedu, ikalitenga pande zote mbili.

"Likafa njaa," nilisema.

"Lilikuwa linakufa wakati amekaa ndani. Angeletwa siku ile ile ningeitoa hiyo damu na pua ingebaki. Sasa itashuka."

Nilimwomba aende kwa Jumbe akamshtaki Mbonile. Akanawa mikono taratibu mpaka nikataka kumtupia lile beseni.

"Dada yako akishtaki, nitasema nilichokiona. Asiposhtaki, mimi si mume wake wala si baba yake."

Mwoga. Mrefu hivyo, na mwoga.

Jioni nikaenda kwa Baba. Alikuwa anachonga mpini.

"Baba, ulimwona?"

"Nilimwona."

"Ukamwambia akae ndani."

"Nilimwambia akae na mumewe. Walisimama mbele ya madhabahu, Loisi, na mimi nilikuwapo. Mwanamume akirudi kutoka mbali anakuwa mkali. Hupoa."

"Na pua yake?"

Aliendelea kuchonga.

6 Desemba

Shemeji amekuja zahanati na sukari ya wagonjwa. Alipiga magoti mbele ya dada, aliyekuwa bado amelazwa hapa, mbele ya watu wote. Alilia kweli, kamasi na machozi. Alisema huko shimoni walipigwa na wasimamizi kama ng'ombe, na mkono wake umejifunza ubaya. Dada akamshika kichwa. Nami nikalainika. Wamerudi nyumbani pamoja.

11 Desemba

Kupalilia. Mvua asubuhi, ukungu mchana, mvua jioni.

25 Desemba, Krismasi

Misheni imechinja ng'ombe. Bwana Andongwisye alichukua mifupa kabla wapishi hawajaigawa, akaitandaza juu ya majani ya mgomba, akaniita nijifunze. Watoto wakajaa.

Alinikatia sikio la ng'ombe: gegedu la kunyumbuka, la rangi ya manjano kidogo. Akanionyesha ncha za mbavu zinapoungana na kidari, na vichwa vya mifupa kwenye goti: gegedu jeupe, linateleza kama sabuni iliyolowa. "Bila hili, mfupa ungesaga mfupa." Kisha akapasua uti wa mgongo kwa shoka, akatoa kisahani kilicho kati ya pingili na pingili. Hicho nilijaribu kukichana kwa kucha, nikashindwa. Kimesukwa nyuzi nyuzi. "Hili ndilo linabeba mzigo. Wewe ukibeba mtungi, nalo linaubeba humo ndani." Akakata na bomba la pumzi la ng'ombe, lina pete pete. Pete hizo nazo ni gegedu, hazikutani kwa nyuma, na kazi yao ni moja, kuliacha bomba wazi. Alilibana kwa vidole, akaliachia, likafunguka.

Tabita wa dada alikuwa amechuchumaa mbele kuliko wote. Ana miaka minane na maswali ya mzee.

"Bwana Mganga, na mimi ninalo?"

"Wewe unalo kuliko mama yako. Ulipokuwa tumboni, mifupa yako mingi ilianza hivi hivi, gegedu tupu. Sasa limebaki kwenye ncha. Leta mkono." Akamgusa juu kidogo ya kifundo cha mkono. "Hapa pana sahani nyembamba. Chembe zake zinagawanyika, moja inakuwa mbili, zinasukumana, na mkono unarefuka. Upande wa nyuma zinageuka mfupa. Sikio halikui hivyo, lenyewe linaongezwa zaidi kutoka nje, kwenye utando wake, tabaka juu ya tabaka."

"Na nitarefuka mpaka lini?"

"Mpaka sahani yote igeuke mfupa. Ndipo unakuwa mtu mzima."

Tabita alitembea siku nzima amejishika kifundo cha mkono, anakilinda.

Pua ya dada imeshuka. Katikati pana bonde. Alikula nyama na wenzake, akatabasamu mara moja.

8 Januari 1953

Mvua. Mtoto wa kuhara amekufa.

13 Januari

Mvua. Barabara ya Vwawa ni tope tupu.

17 Januari

Santuri ilianguka. Hiyo ndiyo sababu. Tabita alikuwa anafagia, akagusa kile kimeza, ikaanguka na sahani yake ikapasuka.

Baba yake alimshika kifundo cha mkono wa kushoto, akausokota nyuma ya mgongo, akauinua mpaka miguu ya mtoto ikaacha chini. Jirani aliyemleta alisema alisikia mlio kutoka kizingitini kwake.

Mkono ulikuwa umepinda juu ya kifundo kama uma. Tabita hakulia. Alikuwa mweupe midomoni, akanitazama akasema, "Mama mdogo, ni pale pale." Sikuelewa. "Pale aliponigusa Bwana Mganga."

Bwana Andongwisye alipapasa muda mrefu. Kisha akaniambia nimshike mtoto mabegani, akavuta. Nimewashika watu wengi wakivutwa mifupa. Sitaki kuisikia tena sauti ile.

Tulipomaliza kufunga mbao alitoka nje, akasimama mvuani, akarudi.

"Ile sahani imeteleza. Nimeirudisha, lakini imepondeka, siwezi kujua kiasi gani. Ikifa, mfupa mmoja utasimama na mwenzake utaendelea. Mkono utapinda kila mwaka anaokua."

"Kwa hiyo bado anampiga mpaka awe mtu mzima," nilisema.

Bwana Andongwisye akachukua baiskeli yake akaenda kwa Jumbe kwenye tope lile, bila kungoja mtu ashtaki. Nilimwita mwoga. Nalifuta neno hilo.

19 Januari

Jumbe alimwita Mbonile, akamkaripia, wakanywa chai. Baba alikuwapo. Baba alisema mtoto huadhibiwa, ila kwa kiasi. Nesta amerudi kwa mumewe na mtoto, kwa sababu Baba alikataa kumfungulia mlango.

Nilimwambia Baba sitakula nyumbani mwake tena. Aliniambia nitakula tu.

2 Februari

Mvua. Mahindi yamefika kifuani.

10 Februari

Bwana Andongwisye ameitwa Tunduma kuchanja watu ndui mpakani. Ameniachia funguo zote.

15 Februari

Mto Mlowo umechukua daraja. Hakuna gari linalopita, hata barua.

19 Februari

Sasa nitaandika.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Nilisikia watu wanakuja wakikimbia, na katikati yao sauti ambayo nilidhani ni ya mnyama, kama punda anayevuta pumzi kwa ndani. Wanaume wanne walikuwa wamembeba Mbonile juu ya mlango. Nyuma yao, akitembea pole pole, dada Nesta, mpini wa jembe mkononi, na mkono mwingine umemshika Tabita.

Tabita alishindwa mtungi. Mkono wake mmoja uko kwenye mbao, mtungi ukamponyoka, maji yakamwagika mlangoni. Mbonile akaushika ule mkono mzima. Akasema, "Na huu haufanyi kazi?" Akaanza kuusokota. Nesta alikuwa ametoka shambani tu. Alichomoa mpini, akausukuma kwa ncha, mbele, kwenye koo lake. Hakupiga. Alisukuma kwa nguvu zote kama anayetwanga ukuta.

Kikoromeo hakikuwapo. Mahali pake palikuwa bapa. Shingo ilikuwa imevimba mpaka kidevuni, na nilipoigusa, ngozi ililia chini ya vidole kama chumvi ya mawe, maana hewa ilikuwa inavujia ndani ya nyama. Midomo imekuwa rangi ya kijivu. Alikuwa anapiga mlango kwa visigino. Macho yake yalinitafuta, yakanishika, hayakuniacha.

"Loisi." Alikuwa Baba. Sijui alifika saa ngapi. Amelowa, kofia hana. "Loisi, akifa watamnyonga dada yako. Watampeleka boma na watamnyonga."

Nikamtazama dada.

"Mwache," alisema Nesta. Alisema kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayesema mlango uachwe wazi. "Mdogo wangu, mwache. Mimi nimekwisha."

Na mimi nilitaka kumwacha. Nataka niandike hivyo. Nilisimama na kisu nimekwisha kishika, nikasikiliza ile sauti ya punda inapungua, nikafikiri, dakika kidogo tu, dakika kidogo. Kisha Tabita akauliza, "Mama mdogo, wanamnyonga nani?"

Nikawaambia wanaume wamlalie miguuni na mikononi. Nikaweka mto chini ya mabega, kichwa kikalala nyuma. Juu hapakuwa na kitu cha kupapasa, gegedu lake lote limepondeka kama ganda la yai. Kwa hiyo nilianzia chini, kwenye shimo la kidari, nikapanda na kidole: pete, pete, pete, zilikuwa nzima, mpaka nikafika pete nene iliyo juu ya zote, ambayo peke yake ni duara kamili. Juu yake pana bonde dogo laini, mahali pa kutoboa hewa ipite. Nikachana ngozi. Damu ilifunika kila kitu, sikuona, nikaenda kwa kucha ya kidole. Nikasukuma kisu.

Ilitoka damu na hewa pamoja, ikanipiga usoni, ikaingia mdomoni mwangu. Alijirusha, akamtupa mtu mmoja ukutani. Nikageuza kisu pembeni, tundu likafunguka, nikaingiza kipande cha mpira wa mkojo nilichokikata. Ukapiga mluzi. Ukapiga tena. Kifua chake kikapanda, kikashuka, na ile rangi ya kijivu ikaondoka midomoni kama maji yanavyonywewa na mchanga.

Nilitema. Baba alikuwa amepiga magoti sakafuni, anasali kwa Kinyiha. Nilipoinua uso dada alikuwa amesimama pale pale.

"Umemrudisha," alisema.

"Nimekurudisha wewe."

Aliweka mpini chini, kwa uangalifu, usianguke kwa kelele.

20 Februari

Tarishi wa Jumbe amemchukua Nesta. Alimfunga kamba mikononi ingawa alikuwa anatembea mwenyewe. Watavuka mto kwa mtumbwi, kisha Mbeya. Tabita amebaki nami. Analala kwenye mgongo wangu kama kupe.

21 Februari

Kuvuta makohozi kwenye mpira wa Mbonile kila mara, vinginevyo unaziba. Kumlisha uji kwa mpira mwingine puani. Kumgeuza. Kumfuta mavi.

24 Februari

Mvua. Homa imempanda. Akifa kwa homa bado watamnyonga dada. Nimempa penisilini yote iliyokuwapo. Mama mmoja wa kifua nimemrudisha nyumbani bila dawa.

27 Februari

Homa imeshuka. Yule mama wa kifua yu hai.

2 Machi

Asubuhi Mbonile alitaka ubao. Tabita anaandikia ubao mdogo wa shule, akauona. Alikuwa na nguvu ya kushika chaki. Aliandika kitu, akanigeuzia.

MWANANGU YUKO WAPI. NITAMFUNDISHA.

Tabita alikuwa nje, anaanua nguo kwa mkono mmoja.

Niliweka ubao chini. Nikainama kama ninayetaka kusafisha mpira, nikaweka dole gumba juu ya tundu lake.

Alidhani nimekosea. Kisha akajua. Mikono yake ikaja kwenye mkono wangu, lakini hana nguvu, ni mifupa. Kifua kilivuta, hakikupata kitu, kikavuta. Shingo iliingia ndani pande zote. Nilimtazama kwa karibu sana. Nikamwambia sikioni, "Hivi ndivyo alivyokuwa Nesta alipopumua kwa mdomo. Hivi ndivyo alivyoning'inia Tabita." Midomo ikaanza kuwa ile rangi.

Nikaondoa dole.

Alipiga mluzi muda mrefu. Alijikojolea. Nilimbadilisha shuka. Nilipomaliza nilikwenda nyuma ya jiko nikaifua ile chafu, na siwezi kuandika kwamba nilijuta. Niliogopa tu jinsi dole lilivyokaa vizuri pale.

6 Machi

Bwana Andongwisye amerudi, amevuka mto maji yakimfika shingoni. Alilitazama koo, akapapasa, akasema, "Pazuri. Lakini mpira hauwezi kukaa hapo juu, utaila ile pete, na pete ile ikifa bomba litajifunga." Tukauhamisha chini, kati ya pete mbili za chini. Safari hii alikata yeye, nami nikashika taa.

Baadaye nilimweleza habari ya dole gumba. Aliangalia mvua.

"Kuanzia leo mpira wake nitausafisha mimi," alisema. Akausafisha jioni hii hii.

15 Machi

Baba amekuja kula kwangu. Alileta maharage mabichi. Alimtazama Tabita akimenya kwa mkono mmoja, akaondoka kabla hayajaiva.

29 Machi

Mvua. Mbonile ameketi. Ukiziba tundu sauti haitoki, ni upepo tu. Bwana Andongwisye anasema ngome ya sauti kooni imepona ikiwa imepinda, gegedu likipondeka hivyo linaungwa kwa kovu, halirudi kuwa lilivyokuwa.

18 Aprili

Tumerudi kutoka Mbeya. Nitaandika kwa kifupi maana nimechoka.

Bwana Shauri, Mzungu wa boma anayehukumu, alimuuliza Nesta kama alipiga. Nesta akasema, "Nilisukuma." Akauliza kama alitaka kuua. Mkalimani alitafsiri, na Nesta akasema, "Nilitaka aachie mkono wa mtoto. Kama asingeachia mpaka afe, basi."

Bwana Andongwisye alisimama na kusema yote, pua na mkono, bila kuitwa mara mbili. Alimwita Tabita mbele, akamwambia Bwana Shauri kwamba mkono ule ameuona leo ukiwa karibu sawa, na kwamba aje autazame akiwa na miaka kumi na mitano.

Kisha karani akauliza kama yuko mwingine. Baba akasimama, na koti lake la kanisani. Nilijua atasema habari za madhabahu. Nilikaza meno.

"Mimi ni baba yake," alisema. "Nilimwona na pua ile, nikamwambia akae ndani. Alikuja kwangu na mtoto aliyevunjika, nikamfungia mlango. Kama mnaandika nani alimfikisha hapo na ule mpini, andikeni Yonasi. Mpini wenyewe niliuchonga mimi." Akabaki amesimama, hajui kama amemaliza, mpaka askari akamgusa akae.

Miezi sita. Dada alifunikwa shuka ya jela akatutazama mara moja. Mbonile hakupewa kitu. Bwana Shauri alisema koo lake latosha kuwa adhabu. Habari ya mtoto alisema ni ya mila, wazee wataiangalia.

Njiani Baba aliniuliza kama nitakula kwake. Nikasema nitakula.

3 Mei

Mpira umetolewa. Tundu linaziba. Mbonile ameondoka zahanati kwa miguu yake, amejifunga leso shingoni. Hakumuaga mtu.

10 Mei

Mvua kidogo. Mahindi yanakauka.

17 Mei

Leo ni siku ya watoto wachanga. Akina mama walijaa varanda na chumba chote, na ikaja mvua kubwa, ya mwisho nadhani, ikapiga mabati mpaka tukawa tunaongea kwa kupigana mabega.

Mbonile aliingia na viatu vyake. Nilimwona kabla Tabita hajamwona. Alipita katikati ya akina mama, akamshika Tabita mkono, ule mzima, akaanza kumvuta kuelekea mlangoni. Bwana Andongwisye alikuwa stoo.

Nilimfikia. Nikashika mkono mwingine wa nguo ya mtoto, maana mkono wenyewe siwezi kuuvuta. Mbonile alinigeukia, akafungua mdomo. Niliona mishipa ya shingo imesimama, uso umejaa damu, midomo inatoa maneno makubwa makubwa, na hakuna kilichotoka. Mvua ilikuwa juu yetu. Akajaribu tena. Akainua mkono wa kulia, ngumi, na mimi nikafumba macho.

Haikufika. Nilipofumbua, akina mama walikuwa wamesimama. Hakuna aliyewaita. Walikuwa wamefunga watoto mgongoni, wamemzunguka karibu kiasi kwamba ngumi yake haikuwa na nafasi ya kurudi nyuma. Mmoja alikuwa ameishika kwa mikono miwili. Mwingine, mkubwa, mke wa mwashi, aliweka kiganja chini ya ile leso, kwenye shingo, akakiacha hapo tu. Wakakaa hivyo. Watoto walikuwa wanalia mgongoni mwao na hakuna aliyewabembeleza.

Kidole kimoja kimoja akamwachia Tabita.

Bibi Yunisi, ambaye masikio yake yamekufa zamani, alikuwa bado ameketi kwenye benchi na mjukuu wake. Alinivuta gauni.

"Anasemaje huyo?" aliuliza kwa kelele.

Mbonile alinitazama. Midomo yake ilikuwa bado inakwenda.

"Hasemi kitu, Bibi," nikamwambia.

Walimfungulia njia, akatoka mvuani. Nikamfuta Tabita pua, nikamkalisha kwenye kiti changu, nikaita mtoto anayefuata.